Ruzuku ilipe na kodi ya chumba

Hapa Mtwara, ukigusia ruzuku kwa asasi zinazowasaidia waliotoka gerezani, utaulizwa: vijana kibao hawajawahi kugusa mali ya mtu na hawana pa kulala, iweje aliyefungwa ndiye alipiwe chumba? Ni swali la haki. Mkulima aliyeibiwa magunia ya korosho akisubiri mnada naye hana asasi ya kumfidia.

Lakini tumtazame anayetoka Gereza la Lilungu leo. Akienda kutafuta chumba Magomeni au Chikongola, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kabla ya hapo anataka kujua alikuwa anakaa wapi. Asipopata chumba, mwenyekiti wa mtaa hamwandikii barua ya utambulisho, maana si mkazi wake. Kama hakuwahi kujiandikisha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, bila serikali ya mtaa kumthibitisha hapati namba. Bila namba hasajili laini ya simu kwa jina lake, na siku hizi hata kibarua hulipwa kwa simu. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, unapitia vikundi. Kikundi gani kitamdhamini mtu asiyejulikana analala wapi?

Wafadhili wengi hapo hawagusi. Wanalipia semina na cherehani, kwa sababu waliohitimu wanahesabika, na wanahofu risiti za kodi za kughushi. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ipo: asasi imlipe mwenye nyumba moja kwa moja, mkataba upitie serikali ya mtaa.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya ukoo. Kweli, kwa Wamakonde na Wamwera mjomba hamtupi mpwawe, na wengi hupokelewa hivyo. Aliyemwibia jirani wa mjomba, je? Huyo ndiye anayebaki stendi, na akitoka Oktoba anakuta korosho zimeanikwa nje kila kijiji. Mkulima yuleyule ndiye wa kwanza kuumia.

Na wanaotoka wanaweza kuwa wengi kwa mpigo: tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Kanuni za Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinataka anayeachiwa awe na vitambulisho, nauli na makazi ya kufikia. Ruzuku ianze na wasio na ndugu wa kuwapokea, kodi ya miezi sita kwa kila mmoja, na mafunzo yafuate akiwa tayari ana anwani.