Utingo Atamdai Nani?

Jana mpwa wangu alikuja na simu yake, kama kawaida yake anapotaka kuniharibia usingizi wa mchana. "Mjomba, hebu ona hii." Nikaona. Gari jeupe linakata kona huko San Francisco, Marekani, usukani unazunguka wenyewe, kiti cha dereva kitupu, abiria kajikalia nyuma anakula. Nikamwambia zima. Hapa Chikongola, Mtwara, kitu kikijizungusha chenyewe hatukiiti teknolojia, tunakiitia mganga.

Akacheka mpaka akapaliwa. Akanieleza kwamba gari lenyewe ni la Waymo, kwamba lilianza kama mradi wa Google mwaka 2009, na kwamba limejaa kamera, rada na chombo kinachorusha miale ya leza pande zote kupima umbali wa kila kilicho jirani. Nikasikiliza kwa adabu. Kisha nikamuuliza swali moja tu: "Utingo anakaa wapi?"

Akabaki ananitazama.

Mimi nimekuwa utingo wa lori njia ya Dar kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Rufiji tulikuwa tunavuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikichachamaa mtakaa njiani mpaka mchele wa tajiri uanze kupungua bila mtu kuugusa. Sasa mkifika penye dimbwi, dereva hashuki. Anawasha sigara, anamtazama utingo. Mimi ndiye nakunja suruali, nachukua fito, naingia. Maji yakinifika kiunoni napiga kelele: "Haipiti!" Yeye anajibu: "Inapita hiyo." Tunakwama siku mbili. Haya, hiyo leza yao itajuaje kina cha dimbwi ambalo maji yake ni kama chai ya maziwa? Si mpaka aingie mtu? Na akitoka humo anatetemeka, posho yake atamdai nani, kioo?

Mpwa wangu akasema huko hakuna madimbwi. Nikamwambia basi gari hilo halijapata usaili.

Tena msimu wa unyago ndiyo balaa. Ngoma imetoka, mwali kabebwa mabegani, barabara nzima imejaa vitenge. Gari lina adabu, litasimama lisubiri wapite. Jamani, wale hawapiti, wale wanacheza! Dereva wa kwetu anatoa kichwa dirishani, anasifia mwali, anatunza mia tano, anafunguliwa njia. Gari lao litakaa hapo mpaka korosho zianze kuanguka.

Na watoto wa mtaani kwangu wakishajua kwamba linasimamia kila kilicho mbele yake, tumekwisha. Huko San Francisco penyewe, mwaka 2023, watu waliokuwa hawayataki walikuwa wanaliwekea koni ya barabarani juu ya boneti, basi, gari linaganda kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Koni moja! Sisi hapa tuna vifuu vya nazi visivyo na idadi.

Kuona nimenuna, mpwa akanitafutia habari za kunichangamsha. Eti mwaka 2024 magari hayo yalipokuwa yanapangwa maegeshoni usiku, yalianza kupigiana honi yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu kila moja limefundishwa kupiga honi likiona jingine linarudi nyuma kulisogelea. Saa kumi alfajiri majirani macho kodo. Hapo nikacheka kweli. Hayo sasa ni ya kwetu, yangeletwa stendi ya Mkanaledi alfajiri mabasi ya Dar yanapotoka, wala yasingejiona wageni.

Ya trafiki ndiyo iliyonimaliza. Mwaka 2025, mji wa San Bruno, huko huko California, askari wakalisimamisha moja, limegeuza pasiporuhusiwa. Wanachungulia ndani, hamna mtu. Faini hawakuandika, maana kitabu chao hakina nafasi ya kumwandika roboti. Nilimwonea huruma yule askari. Unajiandaa, unaweka kofia vizuri, unanyoosha mkono, halafu hupati hata wa kukuambia "shikamoo afande."

Msidhani nakataa maendeleo. Luku ninayo, namba ishirini nabonyeza mwenyewe, nikikosea ya kumi na tisa naanza upya gizani mke wangu akinimulikia kwa tochi ya simu na maneno. Lakini zamani msoma mita akija, mtoto anatumwa nje kusema baba kaenda Newala. Siku hizi niende Newala, nisiende, uniti zikiisha zimeisha. Mita haina hata udhuru mmoja inaoupokea. Ndiyo maana gari la namna hiyo silitaki: nimeshaishi na ndugu yake ukutani.

Mwenye bajaji wangu, kwa mfano, namdai utani na yeye ananidai elfu mbili tangu Ijumaa. Juzi kanibebea gunia la muhogo, akaliingiza mpaka uani, akanywa maji, akaniuliza mguu wangu unaendeleaje. Kisha akakumbushia deni, nami nikamkumbushia kwamba mguu bado unauma.

Huyo nje anapiga honi. Nimemtuma mtoto akamwambie nimekwenda Newala, naye kamjibu basi mwambie apande nimpeleke.