Gemu zilizokufa na mashine zao: mwenye nazo azitoe

Kuna kijana ana kibanda cha PS karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Nilimwambia nimekesha nikicheza Half-Life, gemu ya kupiga risasi, ya Dreamcast, akataka kujua Dreamcast ni mdudu gani. Nikamweleza kwamba ni mashine ya gemu ya zamani. Nikaongeza kwamba gemu yenyewe haikuwahi kuuzwa popote duniani, ilifutwa dakika za mwisho. Akacheka. "Sasa kaka, kama wenyewe waliona haifai, wewe inakuhusu nini?"

Swali hilo nimelisikia kwa watu wengi, hata kwa watu wazima wanaojua kompyuta kuliko mimi. Ila limesimama juu ya jambo ambalo si kweli. Mara nyingi wenyewe hawakuona haifai. Gemu inaweza kuwa nzuri, ikakamilika, ikatangazwa, na bado ikazikwa kwa sababu mashine iliyotengenezewa imekata roho kabla yake.

Dreamcast ilikuwa mashine ya mwisho ya Sega, kampuni ya gemu ya Japani. Ilitoka Japani Novemba 1998, ikafika Marekani tarehe 9 Septemba 1999, na tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Ziliuzwa milioni 9 na ushee. Usidharau hesabu hiyo mpaka uiweke kando ya PlayStation 2, iliyopita milioni 150. Wachambuzi wana sababu nyingi za anguko lile: Sega iliwachosha wateja na wenye maduka kwa mashine zake zilizotangulia, PlayStation 2 ilicheza DVD, fedha ziliisha. Mwenyekiti wao Isao Okawa, kabla hajafariki Machi 2001, aliiachia kampuni hisa zake za karibu dola milioni 695 ili isizame. Lakini kwa mtu wa Dodoma sababu moja inatosha. Electronic Arts, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu ya FIFA, haikuitengenezea Dreamcast gemu hata moja, maana yake FIFA hakuna. Weka mashine isiyo na FIFA kwenye kibanda chochote kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu uone nani atalipia nusu saa.

Turudi kwenye Half-Life. Ya kompyuta ilitoka 1998 na ikasifiwa kila kona. Ya Dreamcast ilikuwa imekamilika kwa kiasi kikubwa, kitabu cha kumwelekeza mchezaji kimeshachapwa, na ndani yake kulikuwa na sehemu mpya iitwayo Blue Shift iliyobuniwa kwa ajili ya mashine hiyo. Juni 2001 kampuni iliyokuwa iiuze, Sierra, ikaifuta kwa maelezo ya hali ya soko. Blue Shift ikahamishiwa kwenye kompyuta, ikauzwa mwezi huohuo. Yaani kazi haikuwa na kasoro ya kuitupa. Walijua tu kwamba wateja wa Dreamcast wanahama.

Baadaye nakala ikavuja, na ndiyo niliyocheza. Sitakudanganya kwamba ni maajabu. Inasubirisha kila unapovuka eneo, na maadui wakijaa picha inaanza kusuasua. Ila ukiicheza unaona watu waliokuwa wanaibana gemu kubwa ya kompyuta iingie kwenye mashine ndogo ya sebuleni. Unaona walipofaulu na walipokuwa bado wanahangaika. Gemu iliyopigwa msasa ikatoka haikuonyeshi hayo, na kwa mtu anayejifunza kutengeneza gemu, hiyo ni darasa.

Propeller Arena ina kisa kingine. Ni ya ndege za kivita kufukuzana angani, na uwanja wake mmoja uko katikati ya maghorofa marefu. Ilikuwa itoke Septemba 2001. Baada ya yaliyotokea Marekani tarehe 11 ya mwezi ule, Sega ikaiondoa. Hapo siwalaumu hata kidogo, mtu yeyote mwenye utu angefanya hivyo. Nisichokielewa ni kwa nini miaka zaidi ya ishirini baadaye bado hakuna njia halali ya kuipata, wakati nakala iliyovuja inachezwa na kila anayeitaka.

Castlevania Resurrection ndiyo iliyonifanya niamini kwamba hakuna kilichopotea moja kwa moja. Kampuni ya Konami iliitangaza kwa ajili ya Dreamcast 1999 kisha ikaifuta 2000. Watu waliishi na picha chache za magazetini. Mwanzoni mwa 2021 diski ya majaribio ikaibuka, na haikuchukua muda ikawa mtandaoni. Ni vipande tu vya gemu, si nzima. Lakini mjadala wa miaka ishirini kuhusu ilivyokuwa ukapata kitu cha kushika mkononi.

Sasa kuna jambo ambalo wenye kampuni hawapendi kulisikia. Gemu hizi zinachezeka kwenye Dreamcast ya kawaida kwa sababu ya tundu lilelile lililowaumiza. Sega walitumia diski zao maalumu, GD-ROM, zenye uwezo wa karibu gigabaiti moja, wakidhani nani ataweza kuzinakili. Ila waliiruhusu mashine kusoma pia diski za muziki zenye nyongeza, mfumo ulioitwa MIL-CD, na mwaka 2000 wajanja wakapitia hapo. Ukawa unachoma gemu kwenye CD ya kawaida, unaiweka, inakubali. Hata chipu huhitaji, tofauti na PlayStation ya kwanza ambayo hapa kwetu ilikuwa lazima fundi aifungue ndipo isome CD za kuchoma. Sega walijaribu kuliziba kwenye mashine walizotoa baadaye, lakini walikuwa wamechelewa. Leo anayetaka kuona gemu iliyofutwa kwenye mashine iliyokusudiwa anapitia mlango huohuo wa wezi. Sisemi wizi ulikuwa sawa. Nasema kumbukumbu ya mashine ile imetunzwa na watu ambao sheria inawaita wahalifu, na aibu hiyo ni ya wenye mali.

Wenye mali hawako peke yao. Wapo wakusanyaji. Mtu ananunua nakala pekee ya gemu isiyotoka kwa maelfu ya dola, kisha anaifungia kabatini, maana akiiruhusu inakiliwe bei itashuka. Huyo ananikera kuliko kampuni. Kampuni ina mawakili, ina mikataba ya muziki na majina ya watu, ina sababu hata kama hazipendezi. Mkusanyaji ana choyo tu. Na choyo hiyo ni ya kipumbavu, kwa sababu anachokifungia kinaoza humohumo. Diski za kuchoma huharibika rangi yake. Kanda za majaribio za miaka ya 90, zile za kuchomeka kwenye mashine, zilitumia chipu za EPROM, ambazo zinashikilia data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole kwa miaka. Siku atakayoamua kuuza atakuwa anauza plastiki.

Linganisha na Atari Jaguar, mashine iliyoanguka vibaya kuliko Dreamcast. Ilitoka mwishoni mwa 1993 ikijinadi kuwa ya biti 64, na inakadiriwa hata robo milioni haikufika. Mwaka 1996 Atari ikaunganishwa na JTS, watengenezaji wa diski za kompyuta, na 1998 mali zake zikanunuliwa na Hasbro Interactive. Mei 1999 Hasbro wakafanya jambo ambalo hadi leo nawapigia saluti: walitangaza kwamba haki za mashine ile wameziachia umma, anayetaka kuitengenezea gemu atengeneze, haombi kibali. Iliwagharimu nini? Hakuna aliyekuwa anainunua. Gemu iliyokuwa imekwama, BattleSphere, ikatoka mwaka 2000, na mpaka sasa watu binafsi wanaiandikia Jaguar gemu mpya. (Kalibu za ganda lake, kama hujui, ziliangukia kwa kampuni ya vifaa vya meno, ikafyatulia kamera za kupigia picha vinywa vya wagonjwa. Ndiyo maisha.)

Mimi ni mtu wa mkoa huu, kwa hiyo nikisikia habari ya mradi mkubwa ulioanguka akili inakwenda Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta, wakataka kulima karanga kwenye mamia ya maelfu ya ekari. Udongo ukawa mgumu, mvua ikawakatalia, na mwaka 1951 wakaachana nao baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Aibu kubwa. Lakini aibu ile unaweza kuisoma yote. Mijadala ya bunge lao ipo, ripoti zipo, barua zipo, wanafunzi wanaiandikia tasnifu hadi leo. Ilikuwa fedha ya umma, hivyo hawakuweza kuifuta kana kwamba haikuwapo. Kampuni ya gemu inaweza. Inafunga studio Ijumaa, Jumatatu kompyuta zimesafishwa, na kazi ya miaka mitatu ya watu hamsini haina hata ukurasa. Najua utasema ni fedha yao. Ni yao, ndiyo, lakini hawaombwi fedha. Wanaombwa wasitupe.

Na wakitaka wanaweza. Nintendo walikamilisha gemu ya Star Fox 2 ya mashine yao ya SNES mwaka 1995, wakaiweka chini kwa sababu mashine mpya zenye picha za pande tatu zilikuwa zimeipita. Septemba 2017 wakaitoa rasmi, ikiwa ndani ya ile SNES ndogo ya kumbukumbu. Miaka 22. Hakuna aliyewacheka, watu walipanga foleni.

Wasiwasi wangu hasa ni huko tunakokwenda. Dreamcast ilikufa ikaacha diski, na diski inaweza kusahaulika kwenye boksi la mfanyakazi wa zamani, mtoto wake akaiuza, ikafika kwa mtu mwenye akili. Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu kwa mtandao, ilianza Novemba 2019, ikazimwa tarehe 18 Januari 2023. Gemu zilikuwa kwenye seva, mchezaji anapokea picha tu. Studio zao za ndani zilivunjwa 2021 kabla hazijatuonyesha chochote cha maana. Gemu kama Outcasters, iliyotoka huko peke yake, ilizimika na swichi. Iliuzwa, ikachezwa, na haipo. Hapo hakuna cha kuvuja, hata mwizi hana pa kuanzia.

Kisheria nako hakuna nafuu. Utafiti wa taasisi ya Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Na hizo ni zilizotoka. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu za zamani kwa njia ya mtandao. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba watu watazichezea kujiburudisha. Jamani. Vitabu vya maktaba navyo tuanze kukagua kama msomaji anatabasamu?

Ninachotaka si kikubwa. Mashine ikishaachwa kutengenezwa kwa miaka kumi, kila kilichofutwa juu yake kipelekwe kwenye hifadhi, kikamilifu au kipande, pamoja na msimbo wake. Kama kuna muziki wa kukodi, utolewe. Kama kuna jina la mchezaji maarufu, lifichwe. Mwenye hakimiliki abaki nayo, ila mlango uwe wazi kwa wanaojifunza.

Na kabla hatujawanyooshea vidole Wajapani na Wamarekani, tuangalie hapa nyumbani. Kwenye vyuo vyetu mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho anatengeneza mradi. Nimeona gemu za bao, nimeona ya bajaji inayokwepa mashimo barabarani, moja ilikuwa na sauti za kondakta zilizorekodiwa kweli stendi. Ripoti inajalidiwa vizuri kwa jalada gumu, inapangwa kwenye rafu ya idara. Gemu yenyewe inakuwa kwenye CD iliyobandikwa kwenye mfuko wa karatasi nyuma ya ripoti, au kwenye laptopu ya mhusika ambayo atauza akitafuta kodi ya chumba. Laptopu za sasa hazina hata pa kuingizia CD. Vyuo vyenye wanafunzi hao viko hapahapa mjini, seva wanazo, na diski ngumu ya terabaiti moja inauzwa dukani kwa bei ya kawaida kabisa. Mtunza maktaba mmoja na wanafunzi wawili wa mazoezi kwa vitendo wangeweza kuzinakili hizo CD zote likizo moja, wakianza na zile za zamani ambazo tayari zimeanza kugoma.