Anayeleta vitabu apewe asante, asipewe etajere

Masomo ikikaribia kuanza, mwezi wa tisa, foto zinaanza kutembea kwenye WhatsApp. Mheshimiwa fulani, ao mtoto wa hapa Lubumbashi aliyeenda kuishi Ubelgiji, amesimama mbele ya kartoni za vitabu, pembeni yake msimamizi wa biblioteki anacheka, nyuma watoto wamepangwa na yunifomu zao za bluu na nyeupe, na bandero inabeba jina la mtoaji kwa herufi kubwa kuliko jina la biblioteki yenyewe. Watu wanapiga makofi, wanaandika hongera hongera. Mimi sina neno na foto, juu hata mtu wa kujionyesha akileta kitabu kizuri, kitabu kinabaki kizuri. Shida yangu inaanza kesho yake, bandero ikishashushwa na kartoni zimebaki kwenye koridoo, na hakuna anayejua ni nani azifungue, na akikuta ndani kitu hakifai kama ana ruhusa ya kukitoa ao hapana.

Niliwahi kuwa pale kartoni kama hizo zikifunguliwa, katika biblioteki moja ya hapa mjini. Sitaitaja, juu wanaofanya kazi pale wanajitoa sana na mshahara wao unakuja siku unayojisikia kuja. Juu kabisa kulikuwa na vitabu vinene vya Kiingereza vya kufundisha kompyuta, vya wakati wa Windows 98. Chini yake katalogi ya vyombo vya jikoni. Riwaya moja ya mapenzi imekatika kurasa za mwisho, yaani utasoma usiku kucha na hautajua kama walioana. Halafu atlasi, nzuri kwa macho, rangi zake bado kali, lakini inchi yetu iko ndani na jina la Zaïre, Katanga inaitwa Shaba, na Kolwezi iko mkoa mmoja na sisi. Jina la Zaïre lilitoka 1997. Katanga ya zamani iligawanywa 2015 ikawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na Kolwezi leo ni mji mkuu wa Lualaba. Mtoto wa shule ya msingi akichukua atlasi ile kufanya devuari yake, mwalimu atamukata pointi na yeye hataelewa kosa lake ni nini, juu alisoma kitabu, na kitabu alikitoa biblioteki.

Lakini kilichonikera zaidi ni kode minier, yaani sheria ya madini, ya 2002. Hapa kwetu! Mji ambao kila familia ina mtu kwenye madini, ao alikuwa naye, ao anamtafutia nafasi. Kode ile ilibadilishwa mwezi wa tatu 2018. Mwanafunzi wa sheria akishika ile ya zamani atasoma kwamba ushuru wanaolipa juu ya kobalti ni 2%, wakati kobalti iliingizwa kwenye madini ya strateji mwisho wa 2018 na ushuru wake ukapanda mpaka 10%. Tofauti hiyo si ndogo, ni moja ya mambo yaliyoleta magomvi kati ya serikali na makampuni. Na pembeni ya kode kulikuwa na vitabu vya kontabilite, yaani uhasibu, vya plani ya zamani ya Kongo, na sisi tuliingia OHADA, ule muungano wa inchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, mahesabu yanafanywa kwa namna ingine.

Najua jibu la watu. Watasema bora hivyo kuliko etajere (rafu) tupu. Nakataa. Etajere tupu haimdanganyi mtu. Mtu anayekuta etajere tupu ataenda kuuliza mahali pengine, lakini anayekuta sheria iliyokufa ataisoma kama iko hai, ataiandika kwenye travai yake, na siku ya kuitetea mbele ya jury ndipo atajua.

Sasa kwa nini msimamizi hakuzitoa pale pale? Nilimuuliza. Akanijibu polepole, "Papa, aliyeleta ni mkubwa. Akirudi akakuta hazipo?" Yaani mtoaji ameshaenda zake, amepanda motokari yake, lakini kitabu bado ni chake, kinakaa kwenye etajere ya watu wote kama mgeni ambaye hakuna wa kumwambia usiku umeingia. Na hapo ndipo naona biblioteki zetu hazijajisaidia. Shirika la kimataifa la mabiblioteki, IFLA, lilitoa mwongozo mzima juu ya zawadi 2008, na jambo la msingi kabisa ni kwamba kila biblioteki iwe na masharti yake ya kupokea zawadi, yameandikwa, kila mtu anayaona. Kwenye maktaba nyingi za Marekani na Uingereza karatasi ile ni fupi tu, inasema ukishatupatia ni chetu, tunaweza kukiweka, kukipeleka kwa wengine, kukiuza ao kukitupa, na hatutakupigia simu kukuomba ruhusa. Mtoaji anasoma, anasinya, wanaagana vizuri. Mwenye kukataa kusinya anarudi na kartoni yake na hakuna aliyetukanwa. Kule Marekani wanaongeza hata kwamba maktaba haitasema zawadi yako ni ya bei gani, juu watu wanatumia hesabu ile kupunguziwa kodi, na yule aliyepokea mali si yeye wa kuipima.

Karatasi kama hiyo inamlinda huyu msimamizi wetu mwenye kuogopa. Mkubwa akirudi anamuonyesha saini yake mwenyewe, basi. Bila karatasi unamwachia mtu mdogo wa biro apigane na mheshimiwa, na wote tunajua nani anashinda.

Na tuache kusema vitabu vya zawadi ni vya bure. Kitabu kimoja kikiingia lazima mtu akifungue akiangalie, akipige kashe, akiandike kwenye rejista, akipe namba, akibandike etiketi, akitafutie nafasi, na hapa kwetu ukipiganie pia na mchwa wakati wa mvua na ile vumbi nyekundu wakati wa jua. Kartoni kumi za vitabu vibovu zinakula wiki nzima za mtu mmoja. Aliyetuma kutoka Bruxelles hajui hiyo, na sioni kama ni kosa lake, hakuna aliyemwambia.

Lakini kuna upande wa pili, na huo unaniuma kuliko ule wa mheshimiwa. Siku ingine pale pale aliingia mama mmoja mjane kutoka Makomeno, mtaa wa hapa, amebeba vitabu vya marehemu mume wake amevifunga ndani ya kitenge. Mzee alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na vitabu vilikuwa vya metalurji, namna ya kuyeyusha shaba, mambo ya tanuru, vizee kweli lakini moto wa tanuru haubadilishwi na bunge. Pembeni ya kurasa mzee alikuwa ameandika na biki maelezo yake mwenyewe, kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili chetu, sehemu zingine amechora. Kijana aliyekuwa kwenye mlango hakuinuka hata. "Aksanti mama, wekako pale chini." Mama akaweka. Akasimama kidogo. Akauliza, "Hamuandike jina?" Kijana akasema itaandikwa. Haikuandikwa.

Sasa linganisha. Mwenye katalogi ya vyombo alipewa diskuru na barua yenye kashe. Mwenye kitu ambacho hakuna mwingine nacho duniani aliambiwa aweke chini. Mimi nasema risiti iwe moja kwa wote, karatasi ile ile, tarehe, jina, ulileta nini, nani amepokea. Na barua ya asante iende ndani ya wiki, hata mistari mitatu, hata kwa WhatsApp kama hakuna hela ya karatasi, lakini iseme kitu alicholeta, isiwe ile ya "tunashukuru kwa mchango wako" ambayo unaweza kumtumia hata muuza makaa.

Na mtu asidharau karatasi za watu wadogo. Mwaka 1965 hapa hapa, André Yav, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani kwa wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji huu, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", Elisabethville ndilo jina la Lubumbashi la wakati wa ukoloni. Kijitabu cha kupiga mashine, cha wapishi na maboyi. Mtaalamu wa antropolojia Johannes Fabian alikuja kukichapisha 1990 na leo maprofesa wa dunia nzima wanakisoma kujua mtu wa kawaida aliionaje kazi na ukoloni. Jiulize kama kingeletwa leo mlangoni kimefungwa ndani ya kitenge, yule kijana angeinuka? Vitu vya hapa, foto za zamani za kambi, magazeti, kadi za chama, daftari za mafundi, hivyo ndivyo biblioteki ya Lubumbashi inapaswa kuvikimbilia kwa mikono miwili, juu hakuna kontena itakayovileta kutoka Antwerp.

Tuje kwenye kutambua mtoaji, juu hapo watu wanapenda mambo makubwa. Wanataka plaki ya marumaru, wanataka sale (ukumbi) iitwe kwa jina lao. Mimi napendelea etiketi ndogo ndani ya jalada, unaichapisha kwa cyber, unabandika na gundi: zawadi ya familia fulani, kwa kumbukumbu ya fulani, mwaka. Kila anayefungua kitabu anakutana na lile jina, na siku kitabu kikiisha kazi, jina linatoka nacho kwa heshima, hakuna ugomvi wa kubomoa ukuta. Ila muulize mtoaji aandike jina mwenyewe kwa mkono wake. Sisi tuna prenom, jina na postnom, na mpangilio wake kila familia inajua ya kwao, hakuna aibu kama kumshukuru mtu kwa jina la shemeji yake. Na asiyetaka kutajwa, asitajwe, wapo wengi tu, tena ndio wanaoleta vitabu vizima.

Pamoja na etiketi kuwe na daftari kubwa moja mlangoni. Hii si yangu. Thomas Bodley alipofungua upya maktaba ya chuo cha Oxford, Uingereza, 1602, aliweka rejista ya watoaji, kubwa, nzuri, mahali mgeni anaiona, kila mtu na alichotoa. Ilikuwa mtego pia, tusidanganyane, tajiri akiona jina la jirani yake mle naye anapeleka mkono mfukoni. Hapa ingefanya kazi mara mbili! Lakini mama wa Makomeno aandikwe mle kwa mwandiko ule ule wa mheshimiwa, kwa tarehe, si kwa ukubwa.

Kuhusu masharti ya watoaji, sisemi yote ni mabaya. Andrew Carnegie alilipia majengo ya maktaba zaidi ya 2,500, nyingi Marekani na Uingereza, na alikuwa na sharti gumu: mji utoe kiwanja, na kila mwaka uweke kwenye bajeti yake asilimia 10 ya pesa aliyotoa, ya kuendesha ile maktaba. Sharti lake lilikuwa linamfunga meya, halikumfunga msimamizi wa vitabu. Ya kwetu ni kinyume. Mtoaji anataka vitabu vyake vikae pamoja, kwenye etajere yake, visichanganywe, visiazimishwe bila barua, na meya yeye hadaiwi hata balbu. Mwenye kuleta masharti ya namna hiyo aambiwe kwa adabu, papa, mama, tunashukuru sana, hatutaweza. Na kama ana hela na anataka kweli kusaidia, aulizwe juu ya batri ya sola, bati linalovuja, mshahara wa mtu mmoja wa kupanga vitabu. Havipendezi kwenye foto, lakini bila hivyo saa kumi na mbili jioni mnafunga kwa ajili ya giza, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaojitayarisha kwa Ekzeta, mtihani wa serikali, wanarudi kusoma chini ya taa ya barabarani kama ipo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye biblioteki zetu, za komini, za parokia, zote: andikeni liste ya mnachohitaji. Kode minier jinsi ilivyo tangu 2018. Kontabilite ya OHADA. Kamusi. Atlasi yenye mikoa 26. Hadithi za watoto za Kiswahili, juu hizo hamna kabisa. Batri. Muibandike mlangoni pamoja na yale masharti, na chini yake muandike saa za kufungua, juu hata hizo mpaka leo tunabahatisha.