Mkataba wa wanne, kazi ya watatu

Agosti 1996 wanaume wanne wa bendi ya roki ya R.E.M., kutoka Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, Marekani, walitia saini mkataba mpya na kampuni ya muziki ya Warner Bros. Magazeti yaliutaja kuwa wa dola milioni 80, na wengi waliandika kwamba hakuna bendi iliyowahi kupata mkubwa kuliko huo. Walichoahidi ni albamu tano. Miezi kumi na minne baadaye, tarehe 30 Oktoba 1997, mmoja wao akatangaza kwamba anaacha kazi. Hakugombana na mtu, wala hakuwa na mpango wa kutoa albamu yake mwenyewe. Alikuwa amechoka, basi, na alitaka kukaa shambani kwake.

Huyo ni Bill Berry, mpiga drams wa R.E.M. Waliobaki ni mwimbaji Michael Stipe, mpiga gitaa Peter Buck na mpiga besi Mike Mills. Wakazitoa zile albamu tano mpaka ya mwisho: Up (1998), Reveal (2001), Around the Sun (2004), Accelerate (2008) na Collapse into Now (2011). Hesabu ilipotimia, tarehe 21 Septemba 2011, wakatangaza kwamba bendi imefika mwisho. Maana yake ni kwamba miaka yote ya R.E.M. bila Berry inaenea ndani ya mkataba mmoja, tena mkataba ambao Berry mwenyewe aliutia saini.

Hapo ndipo mashabiki wanapogawanyika hadi leo. Wapo wanaosema R.E.M. ilipaswa kufunga duka siku ile ile ya Oktoba 1997. Wapo wanaosema tungepoteza mengi kama ingefanya hivyo. Mimi nimewahi kukaa kambi zote mbili, kila moja kwa miaka yake, kwa hiyo nitajitahidi nisizisingizie.

Katika bendi nyingi mpiga drams hubadilishwa kama tairi. R.E.M. haikuundwa hivyo. Karibu kila wimbo wao ulisajiliwa kwa majina manne, Berry, Buck, Mills na Stipe, bila kujali nani aliuleta, na fedha za utunzi zikagawanywa mafungu manne sawasawa. Uamuzi mkubwa ulihitaji wote wanne wakubali. Mmoja akisema hapana, jambo limekufa. Ni utaratibu wa ajabu katika biashara ambayo bendi nyingi zimesambaratika kwa sababu mwimbaji kanunua jumba na mpiga besi bado anapanga chumba.

Utaratibu huo ulianza mapema. Buck alikuwa akiuza sahani za muziki katika duka la Wuxtry pale Athens, Stipe akawa mteja wake. Berry na Mills walijuana tangu sekondari mjini Macon na walikuwa wamekwisha kupiga pamoja. Onyesho la kwanza la wanne hao lilikuwa kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa, tarehe 5 Aprili 1980, ndani ya kanisa la zamani la St. Mary's. Mwaka uliofuata wakatoa "Radio Free Europe" kupitia lebo ndogo ya Hib-Tone, kisha wakachukuliwa na kampuni ya rekodi ya I.R.S. Albamu yao ya kwanza kamili, Murmur (1983), wakosoaji wa jarida la Rolling Stone waliiweka juu ya Thriller ya Michael Jackson katika orodha ya mwaka. Hebu fikiria: bendi ya redio za vyuo, mwimbaji anamumunya maneno hata husikii anasema nini, na inapewa nafasi mbele ya albamu iliyokuwa ikiuzwa dunia nzima.

Kuanzia mwaka huo hadi 1988 walitoa albamu kila mwaka, sita mfululizo, huku wakizunguka majukwaani bila kupumzika. Ya sita, Green, ndiyo ya kwanza chini ya Warner, na kelele za "wamejiuza" zilianzia hapo. Sizipi uzito. Bendi iliyojiuza haitoi wimbo unaoongozwa na mandolini, ala ya nyuzi iliyo kama gitaa dogo, usio na kiitikio cha kueleweka na kusema huu ndio utakaotangulia kuinadi albamu. "Losing My Religion" ulizaliwa Buck alipokuwa akijifunza ala hiyo huku ameketi mbele ya televisheni, kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Mwaka 1991 ulifika nafasi ya 4 Marekani, albamu yake, Out of Time, ikashika namba 1 Marekani na Uingereza, na bendi haikufanya ziara hata moja kuitangaza. Wala haikufanya ziara kwa Automatic for the People ya 1992, ambayo wengi, nami nikiwamo, tunaihesabu kuwa kilele chao.

Sasa tuje kwenye hoja ya walalamikaji. Wanasema Berry hakuwa mtu wa kushika mwendo tu, na hapa wana ushahidi mzito. "Everybody Hurts", wimbo ambao hata asiyejua jina la bendi amewahi kuusikia, sehemu kubwa ni kazi ya Berry. "Man on the Moon" nao ulianza kwake: alikuja na kipande cha gitaa cha sauti mbili tu, C kwenda D, akasema hajui akifanyie nini. Buck akaketi nacho, akakijengea sehemu zilizobaki. Maneno Stipe aliyapata mwishoni kabisa, wakiwa studio Seattle, baada ya kutembea mitaani na muziki masikioni. Nyimbo za R.E.M. zilitoka hivyo, mmoja anatupa kijiti, mwingine anakiokota, mpaka hujui mwenye nacho ni nani. Ukiondoa mkono mmoja, utupaji wenyewe unabadilika.

Halafu kuna suala la ahadi. Kwa miaka mingi walisema mmoja akiondoka, bendi imekwisha. Wamevunja neno lao, wanasema walalamikaji, na wamelivunja kukiwa na mamilioni mezani.

Hoja hiyo ya mamilioni ndiyo iliyonirudisha kambi ya pili, kwa sababu inapuuza jambo moja. Berry alipowaambia wenzake kwamba anataka kuondoka, aliweka sharti: kama kuondoka kwake kutavunja bendi, basi atabaki. Waliobaki walikuwa na njia mbili, wamwache aende nao waendelee, au waseme watavunja, na hivyo kumlazimisha mtu aliyechoka kubaki kwa kuwaonea huruma. Na huyu alikuwa amenusurika kufa. Tarehe 1 Machi 1995, kwenye ziara ya albamu ya Monster, alilazimika kuacha drams katikati ya onyesho mjini Lausanne, Uswisi, kwa maumivu makali ya kichwa. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji na kurudi jukwaani ndani ya miezi mitatu hivi. Ziara hiyo hiyo iliwapeleka Mills na Stipe nao kwenye vyumba vya upasuaji, mmoja kwa tumbo, mwingine kwa ngiri. Anayemdai mtu wa namna hiyo arudi kwenye basi la ziara kwa sababu ya kauli waliyoitoa wakiwa vijana, mimi simwelewi.

Stipe alisema wakati ule kwamba mbwa wa miguu mitatu bado ni mbwa, ila inabidi ajifunze kukimbia upya. Angekuwa Mswahili angetulia zaidi, maana kwetu mafiga ni matatu na chungu kinakaa. Lakini mafiga hayo hupangwa matatu tangu mwanzo. Haya yalikuwa manne, na chungu kilishazoea.

Up ilipotoka 1998, malalamiko ya kwanza yalikuwa mashine za drams. Zimejaa humo, zinagonga taratibu chini ya vinanda, na watu wakasema huu ndio uthibitisho kwamba moyo wa bendi umetolewa ukawekwa betri. Nacheka kidogo kila nikikumbuka, kwa sababu "Everybody Hurts", ule ule wimbo wa Berry, sehemu kubwa unaendeshwa na mashine ya drams. Isikilize mwanzoni: tik, tik, tik, haipandi wala haishuki, kama bomba linalovuja chumba cha pili. Alikuwepo mpiga drams mzuri, tena ndiye aliyeuleta wimbo, na bado walichagua mashine kwa sababu wimbo uliitaka. Kwa hiyo mashine haikuwa kosa. Up ni albamu ya watu walioumia wanaopapasa gizani, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya R.E.M. ya watatu. Kama wangefunga 1997, isingekuwepo.

Reveal nitaipita haraka. Ina "Imitation of Life", ina jua la kutosha, na nyimbo kadhaa ambazo ukizibadilishia nafasi hakuna atakayegundua.

Around the Sun ndiyo silaha kubwa ya walalamikaji, na hapo siwapingi. Nchini Uingereza ilishika namba 1; Marekani iliishia nafasi ya 13, bendi hiyo hiyo iliyozoea kukaa juu kabisa. Si chati zinazonisumbua. Ni dakika 55 za nyimbo zinazotembea kwa mwendo mmoja, kila pembe imepigwa msasa mpaka hakuna cha kushika. Buck mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba inasikika kama watu waliochoshwa kabisa na nyimbo zao. Ni nadra mpiga gitaa kuwapa wakosoaji wake hukumu iliyoandikwa tayari.

Ila naona walalamikaji wanapatia dalili na kukosea ugonjwa. Wanasema kilichokosekana ni Berry. Nasema kilichokosekana ni kisu, na kisu si lazima kiwe mikononi mwa mtu mmoja. Zamani ratiba ndiyo iliyowakatia: albamu kila mwaka, hakuna muda wa kung'arisha, wimbo unaonusurika ni ule unaosimama wenyewe jukwaani. Mkataba wa 1996 uliwapa fedha na muda, na muda ndio uliowalemaza. Kutoka Reveal hadi Around the Sun ni miaka mitatu. Kutoka hapo hadi Accelerate ni karibu minne. Kwa kipimo kile cha zamani, huo ni muda wa albamu saba. Nakubali kwamba watu wa miaka arobaini na ushee hawawezi kuishi kama wa ishirini na tatu, na singependa waishi hivyo. Hata hivyo ukizisikiliza albamu hizo kwa mfuatano, unasikia studio ikigeuka godoro.

Ushahidi wangu ni walichofanya 2007. Walikwenda Dublin, Ireland, wakachukua ukumbi wa Olympia kwa usiku tano, wakaita maonyesho hayo mazoezi, na kupiga nyimbo mpya ambazo hazijakamilika mbele ya watu waliolipa kiingilio. Wimbo usiosimama ukaonekana pale pale. Accelerate iliyotokana na hapo haifiki dakika 35. Nyuma ya drams alikuwepo Bill Rieflin, aliyeanza nao 2003 na kubaki nao hadi mwisho, bila jina lake kuongezwa kamwe kwenye orodha ya wanachama. Ni watatu wale wale, na mpiga drams yule yule wa Around the Sun. Kilichorudi ni kisu.

Je, Accelerate ni sawa na Automatic for the People? Hata kidogo. Kuna nyimbo humo zinazopiga kelele kwa sababu tu zinaogopa kuitwa za usingizi. Anayesema miaka kumi na minne ya watatu haikuzaa kitu cha kuwekwa karibu na mandolini ile au na tik tik ya "Everybody Hurts" anasema kweli, na sina jibu la kumpa isipokuwa kwamba bendi chache sana zilizaa kitu cha kuwekwa hapo, zikiwa na wanne au na kumi.

Ninachokataa ni kusema waliendelea kwa sababu ya fedha tu. Mtu anayefuata fedha haishii kwenye albamu ya tano. Mwaka 2011 wangeweza kutangaza ziara ya kuaga na kujaza viwanja kwa miaka miwili, kama wenzao wengi wanavyofanya, wengine wakiaga mara tatu. Hawakufanya hata ya wiki moja. Taarifa ilitoka, na watu wakaenda zao.

Juni 2024 walipoingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Watunzi wa Nyimbo jijini New York, wote wanne walikaa mbele ya mtangazaji wa televisheni, Berry akiwemo. Wakaulizwa nini kingewafanya wapige pamoja tena. Mills akajibu kwamba labda kimondo. Usiku ule ule wakapanda jukwaani wanne, wakapiga wimbo mmoja, "Losing My Religion", wakashuka.