Kuuzia serikali huduma za TEHAMA: gharama ya kusubiri anaibeba nani?

Kwenye makundi ya Wabongo huku Marekani, zabuni za serikali kuu huzungumzwa kama bomba la dola ambalo wenyeji wametuficha. Nyumbani nako utaambiwa bila mjomba wizarani usijisumbue. Mimi naona kazi yenyewe, ya kuondoa mifumo chakavu na kuweka mipya, inafanana pande zote mbili kuliko watu wanavyodhani. Tofauti iko kwa anayebeba gharama ya kusubiri malipo, na hapo ndipo kampuni ndogo hupona au hufa.

Nianze na huku. Mlango ni SAM.gov, tovuti ambako serikali kuu husajili wanaotaka kuiuzia, na kujisajili ni bure. Anayekupigia simu akitaka dola mia kadhaa "akukamilishie usajili" ni dalali, kama si tapeli. Unapewa namba mbili za kuitambulisha kampuni yako: ya UEI yenye herufi na tarakimu 12, kisha ya CAGE yenye 5. Wengi hukwama hapo kwa jambo dogo: jina la kampuni kwenye hati za jimbo lina "LLC", kwenye karatasi za IRS, mamlaka ya kodi, halina, au anwani haifanani. Linganisha majina kila mahali kabla hujajaza chochote. Usajili huhuishwa kila mwaka. Ukiuacha ulale, hupewi mkataba hata kama bei yako ndiyo bora. Halafu chagua namba ya biashara yako: 541512 ni ya usanifu wa mifumo, 541511 ya uandishi wa programu. Kwa 541512, kampuni huhesabiwa "ndogo" mradi wastani wa mapato yake ya mwaka hauzidi dola milioni 34. Kwa hiyo wadogo wenzako wengine ni mapandikizi ya watu.

Kosa kubwa ni kusubiri zabuni itangazwe. Idara kwa kawaida huanza na tangazo la kutafuta wenye uwezo, lisilo na mkataba ndani yake, na watu wetu hulipuuza kwa sababu hiyo. Ilhali majibu yake, kurasa chache tu, ndiyo yanayomsaidia afisa ununuzi kuamua. Akiona matumaini ya kupata angalau kampuni ndogo mbili zenye uwezo na bei ya haki, kanuni zinamwelekeza kazi aitengee wadogo. Ukijitokeza baadaye, masharti yameshaandikwa kwa kuwaangalia waliojibu.

Isitoshe, kazi nyingi za TEHAMA hupitia mikataba mama, kama ile ya GSA, wakala wa ununuzi wa serikali kuu, na usipokuwemo huoni hata maombi ya bei. Mgeni hana budi kuanza kama mkandarasi mdogo chini ya mwenye mkataba. Hapo soma kwa makini kifungu kinachosema utalipwa wao wakishalipwa. Kadi ya kijani inatosha kumiliki kampuni na kuuza huduma. Haitoshi kwa mpango wa 8(a), wa kuzitengea kazi kampuni ndogo za watu wa makundi yaliyoachwa nyuma, unaodai uraia na ambao tangu 2025 unakaguliwa vikali, wala kwa kazi za kibali cha siri.

Kazi ipo tele. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilieleza kwamba katika bajeti ya TEHAMA ya zaidi ya dola bilioni 90, karibu asilimia 80 ilikwenda kuendesha na kutunza mifumo iliyopo. Mifumo 10 iliyohitaji kubadilishwa kuliko yote ilikuwa na umri wa miaka 8 hadi 51. Baadhi ya mifumo hiyo imeandikwa kwa COBOL, lugha kongwe ya programu, na anayedhani gharama ni kuchora skrini mpya ataumia. Gharama ni data. Kompyuta kubwa za zamani zinazoiendesha kwa kawaida huhifadhi herufi kwa mfumo wa EBCDIC, na namba nyingi zimebanwa tarakimu mbili katika baiti moja. Ukigeuza faili zima kwenda ASCII, mfumo wa herufi wa kompyuta za kawaida, kana kwamba lote ni maandishi, majina yatasomeka vizuri na kila kiasi cha fedha kilichobanwa hivyo kitaharibika, bila programu kutoa onyo lolote. Kanuni za malipo nazo zimo ndani ya programu tu. Aliyeziandika alistaafu zamani. Kwa hiyo mzoefu huweka kwenye bei yake muda wa kuendesha mfumo wa zamani na mpya sambamba, akilinganisha matokeo hadi senti. Bei nafuu kupita kiasi mara nyingi huwa imeruka hatua hiyo.

Sasa malipo. Sheria ya malipo kwa wakati ya 1982 inaipa idara kwa kawaida siku 30 baada ya ankara sahihi au kupokelewa kwa kazi, lolote litakalochelewa. Zikipita, riba inaongezwa yenyewe, bila wewe kuomba. Ankara yenye kasoro inatakiwa irudishwe ndani ya siku 7. Kasoro za kawaida ni namba ya kifungu cha mkataba isiyo sahihi au tarehe za kazi zilizo nje ya kipindi cha mkataba. Si peponi: serikali inaweza kuvunja mkataba kwa manufaa yake tu, na mwaka 2025 mingi ilivunjwa. Mwaka huohuo shughuli zilifungwa siku 43. Lakini siku za kawaida, benki huku hukopesha kwa kutazama ankara yako.

Nyumbani mlango wenyewe umekuwa mzuri. Tanzania, NeST, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, imeweka zabuni za taasisi nunuzi mahali pamoja, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ikaupa mfumo huo nguvu. Tanzania na Kenya zote zimetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, kama vijana, wanawake na wenye ulemavu. Kwenye malalamiko tunawashinda Wamarekani: Kenya una siku 14 kufika bodi ya mapitio, nayo inaamua ndani ya siku 21, wakati GAO ina hadi siku 100.

Balaa huanza baada ya kushinda. Mzabuni ananunua vifaa, analipa vijana, anakabidhi, kisha anaanza kufuatilia. Tuchukue mfano wa hesabu: umekopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ukalipwa baada ya miezi minane. Riba peke yake ni milioni 12. Mwenye akili ataiweka milioni hiyo kumi na mbili kwenye bei tangu mwanzo, kwa hiyo serikali inalipia ucheleweshaji wake hata hivyo, ila kwa siri. Asiye na akiba hajitokezi kabisa, ndipo wanabaki walewale. Sheria ya Kenya inatambua riba ya malipo yaliyochelewa, lakini nani ataidai kwa ofisi anayotaka zabuni yake ya mwakani? Riba inayojiongeza yenyewe, isiyohitaji mtu kujitia kimbelembele, ndiyo kitu kimoja ambacho ningependa tukiige.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii Tanzania, ajue pia kwamba Mamlaka ya Serikali Mtandao hujenga mifumo mingi yenyewe na kutaka taasisi zitumie ya pamoja. Kuuza mfumo mpya wa ofisi ni kupoteza muda. Kazi ambayo naona haina wenyewe ni kusafisha data kabla ya kuhama: mafaili ya karatasi, Exceli za kila idara, mtu mmoja akiwa Mohamed, Mohammed na Muhammad katika rekodi tatu zisizo na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Iandike kama kipengele chake chenye bei yake kwa kila rekodi, na useme wazi nani kwenye taasisi ataamua rekodi mbili ni za mtu mmoja. Ukikiacha kipengele hicho kimemezwa ndani ya "usimikaji wa mfumo", utakifanya bure.