Grafini si semikondakta
Ndugu mwandishi, habari yako nimeipenda, ila pale ulipoiita grafini (tabaka moja tu la atomi za kaboni) semikondakta, yaani kitu kinachoweza kupitisha umeme au kuuzuia, umeteleza. Grafini haina ule mwanya wa nishati unaowezesha transista, ile swichi ndogo ya umeme, kuzimwa. Umeme unapita tu. Kama ulikuwa unatafuta semikondakta nyembamba hivyo, ni kama molibdenamu disalfaidi, ambayo tabaka lake moja lina unene wa atomi tatu. Hapo ndipo fizikia ya kwanta inaponinogea: bonge lake zima ukilimulika halitoi mwanga wake wa maana, lakini ukilibandua mpaka tabaka moja, elektroni zinabanwa, mwanya unapanuka kutoka kama elektronivolti (kipimo cha nishati) 1.2 hadi 1.8 hivi, na linaanza kung'aa. Hilo lilionyeshwa 2010, mwaka uleule wanafizikia Geim na Novoselov walipopata Nobeli kwa grafini waliyoibandua kutoka kwenye grafiti kwa selotepu kule Manchester.

Mimi nafundisha fizikia huku Ruangwa, kwenye kinywe chenyewe, yaani grafiti, ile ile ya kwenye penseli. Wanafunzi hukwangua penseli, wanabandika selotepu, wanabandua, wanakunja tena, mpaka weusi unabaki kama moshi. Tabaka moja hatujaliona (darubini yetu lenzi imeota kuvu!), ila vidole hubaki vyeusi hadi saa ya uji.