Mafua yetu na sokwe wa Gombe na Mahale

Bila sokwe kuzoea watu, utafiti ulioanzishwa na Jane Goodall huko Gombe mwaka 1960, na ule wa Toshisada Nishida huko Mahale mwaka 1965, hifadhi mbili za Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, usingefika mbali. Lakini mazoea hayo hayo ndiyo yaliyofungua njia ya maradhi. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliikumba jamii ya M, kundi la sokwe waliozoea watu huko Mahale: sokwe walikohoa, makamasi yakawatiririka, baadhi wakafa, na uchunguzi ukagundua kirusi chenye uhusiano na kile kinachosumbua vifua vya binadamu. Kirusi ambacho kwa mtoto wa Ujiji huweza kuwa mafua ya siku chache, kikimwingia sokwe ambaye mwili wake haujawahi kupambana nacho huweza kuwapa nafasi bakteria wa nimonia. Na kwa kuwa sokwe hukaa wamegusana, wakichambuana manyoya kwa muda mrefu, mmoja akiugua ni vigumu wenzake kusalimika.

Ndiyo maana wapo wanaotaka ziara za watu kwenda kuwaona sokwe zisimamishwe kabisa, na hoja yao ni nzito: sokwe jike huzaa takriban mara moja kila miaka mitano, hivyo pengo la mlipuko mmoja huchukua miaka mingi kuzibika.

Hata hivyo, katika msitu wa Taï nchini Ivory Coast, ambako sokwe pia waliuawa na virusi vya binadamu, ilibainika kuwa uwepo wa watafiti uliwapunguza majangili. Tukiondoka, bunduki na mitego vitabaki, na hata ugonjwa ukiingia hatutajua.

Mimi naona ziara ziendelee, ila masharti yabanwe zaidi. Barakoa na umbali wa mita 10, vinavyotakiwa Mahale, ni vya lazima, lakini havitoshi pale mtu anapoficha ugonjwa. Mgeni aliyelipa fedha nyingi na kusafiri ziwani kwa saa kadhaa hatakiri kirahisi kwamba koo linamwasha. Na kibarua anayelipwa kwa siku (huyu husahaulika sana katika mjadala huu) atameza kikohozi chake ili watoto wale. Hifadhi zimrudishie mgeni mgonjwa ada yake bila mabishano, na kibarua aliyejitokeza kusema anaumwa alipwe ujira wake wote hadi apone.